Jezi Nambari 11

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotutaka tuandike juu ya mtu ambaye tungependa kufuata nyayo zake, wenzangu hawakukawia. Huyu aliandika juu ya daktari, yule juu ya rubani, na mmoja wa kidato cha tatu aliandika juu ya marehemu nyanya yake hadi mwalimu akatoka nje kidogo. Mimi nilikaa na karatasi tupu kwa siku tatu. Si kwamba sikuwa na mtu. Nilikuwa naye. Lakini nisingeweza kumweleza bila kueleza kwanza yaliyonipata mimi mwenyewe mwaka jana, nami nilikuwa nimekula yamini kwamba hayo sitayataja tena. Lisilobudi hutendwa. Haya basi, keti vizuri.

Mimi ni mshambulizi. Nilianza kusakata kandanda nikiwa darasa la pili, pamoja na wavulana wa kwetu karibu na Khayega, mpira wenyewe ukiwa wa makaratasi na kamba. Kukhu alikuwa akinitazama huku akitikisa kichwa, akisema Mungu aliniumba mbiombio akasahau kunitia woga. Nina kimo kirefu kumpita kaka yangu, mabega yangu ni mapana, na sauti yangu ni nzito tangu utotoni. Katika kwaya ya kanisa napangwa na wanaume. Hayo yote hayakuwahi kunisumbua. Nilidhani ni maungo tu, kama mtu mwingine anavyokuwa na masikio makubwa.

Basi mwezi wa Juni 2025 tulikuwa na nusu fainali ya zoni katika uwanja wa shule moja ambayo sitaitaja. Nyasi zilikuwa zimeliwa na ng'ombe zikaisha, na jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa nimevaa jezi nambari 11. Bao la kwanza nilifunga kwa kichwa kutokana na kona. La pili niliwatoka mabeki wawili, kipa akanijia, nikauinua mpira juu yake ukaingia taratibu. Wenzangu walinirukia tukaanguka chini sote. Nilipoinuka nikasikia upande wa pili wa uwanja wakiimba. Mwanzoni sikuelewa maneno. Kisha nikaelewa. "Huyo ni kijana! Mvueni!"

Wakati wa mapumziko mwalimu wao alikuja na refa na mzee mmoja mwenye kitabu. Hakunitazama usoni. Alinielekeza kidole kama mtu anayechagua kuku sokoni. "Sikizeni sauti hiyo. Tazameni kifua. Huyu si msichana, tunataka akaguliwe." Wakasema kuna mwalimu wa kike ataingia nami darasani dakika mbili tu, halafu mchezo uendelee. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, akabaki kuufungua na kuufunga mdomo. Mimi sikungoja ajibu. Nilivua jezi, ndani nilikuwa na fulana, nikaikunja nikamkabidhi. Kisha nikaondoka nikatembea hadi nyumbani, kilomita nne na ushei, njumu zikigonga kwenye murami kwa! kwa! kama kwato za punda. Tulishindwa 3-2. Hilo niliambiwa baadaye.

Ninyi mnaosoma shule za bweni labda hamjui jambo hili: shule ya kutwa haina ua wa kuzuia habari. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimefika kabla yangu kwa bodaboda. Baba alikuwa amekaa nje. Akasema, "Si nilisema? Mpira huu utakuharibia jina. Sasa ni nani atakuoa?" Mama hakusema neno. Jumatatu asubuhi alivaa nguo yake ya kanisa, akatoa cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku la bati, akaja nacho shuleni hadi kwenye ofisi. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha nikamsikia. "Mimi ndiye niliyemzaa. Mnataka kumwuliza nani mwingine?"

Hata hivyo niliacha kucheza. Kila mtu aliposema "pole" nilihisi ananichunguza. Katika foleni ya chakula cha mchana wavulana wa kidato cha nne walinisalimu "sasa bro", wakacheka. Nilianza kuongea kwa sauti ya chini, ya puani, hadi koo ikaniuma.

Mwezi uliofuata kaka yangu, ambaye huendesha bodaboda na ni shabiki wa Ingwe hadi kwenye mifupa, alinijia asubuhi moja na simu. "We dada, hebu ona huyu. Naye walimwambia vilevile." Ilikuwa mechi ya kufungua Kombe la Afrika la wanawake huko Rabat, Morocco dhidi ya Zambia, Julai 2025. Dakika ya kwanza haijaisha, msichana mrefu wa Zambia mwenye kitambaa cha nahodha mkononi akatia mpira wavuni mbele ya wenyeji wote wale. Nikatazama mgongoni mwake. Nambari 11.

Jina lake ni Barbra Banda. Tangu siku hiyo nilimsoma kuliko nilivyosoma Historia, na mwalimu wa Historia anaweza kushuhudia. Pesa za maandazi niliziacha katika saiba ya sokoni.

Alizaliwa Lusaka tarehe 20 Machi 2000. Naye alianzia kwa kucheza na wavulana. Mwaka 2014, akiwa ndipo tu ametimiza miaka 14, alikuwa katika timu ya Zambia iliyokwenda Costa Rica kwa Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17. Jambo hilo linanigusa kwa sababu Oktoba 2024 dada zetu wa Junior Starlets, wengi wao wanafunzi wa sekondari kama mimi, walicheza mashindano hayohayo katika Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia la aina yoyote, na waliicharaza Mexico 2-1. Banda aliwahi pia kuwa bondia wa kulipwa. Kaka yangu alipenda sana sehemu hiyo, mimi sikuijali. Baada ya Green Buffaloes ya kwao Lusaka alikwenda Hispania katika klabu ya Logroño mwaka 2018, kisha akaenda China mwaka 2020, akachezea timu moja ya Shanghai na kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 18 katika mechi 13.

Lakini ni Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa Julai 2021, iliyofanya dunia iulize huyu ni nani. Zambia ilikuwa nchi pekee ya Afrika katika kandanda ya wanawake. Mechi ya kwanza walikutana na Uholanzi wakapigwa 10-3. Kumi, msomaji! Sisi tukifungwa matano tu watu hulia ndani ya matatu hadi nyumbani. Hata hivyo, mabao yote matatu ya Zambia alifunga Banda. Siku tatu baadaye wakacheza na China, sare ya 4-4, naye akafunga matatu tena. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga mabao matatu katika mechi mbili mfululizo za Olimpiki kabla yake. Mimi huirudia mechi hiyo ya kwanza kichwani kuliko hiyo ya pili. Najaribu kufikiria jinsi mtu anavyorudisha mpira katikati ya uwanja mara kumi, na bado akikimbia anakimbia kama mtu ambaye hajafungwa.

Sasa nafika mahali ambapo moyo wangu huanza kudunda. Julai 2022 Kombe la Afrika la wanawake lilikuwa Morocco. Banda alikuwa nahodha na nyota wa timu. Mashindano yakiwa mlangoni ikatangazwa kwamba hatacheza, kwa kuwa hakutimiza masharti ya Shirikisho la Kandanda la Afrika ya kuthibitisha jinsia. Ilihusu kipimo cha homoni mwilini. Mimi si daktari, na mambo ya homoni tumeyasoma kurasa chache tu katika Biolojia, kwa hivyo sitajifanya mjuzi. Ninachojua ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo alicheza Olimpiki bila kuzuiliwa, na mwaka mmoja baadaye akacheza Kombe la Dunia bila kuzuiliwa. Mwili ulikuwa uleule. Wenzake walicheza bila yeye, wakawa wa tatu Afrika, wakapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Yeye hakugusa mpira.

Kisa chake na changu havilingani, najua. Changu ni cha uwanja ulioliwa na ng'ombe, na hakuna gazeti lililokiandika mpaka hili unalolishika. Lakini niliposoma hayo nilifunga kompyuta kabla dakika zangu kwisha, nikaenda kukaa nyuma ya saiba kwenye magunia ya makaa.

Nilitaka kujua jambo moja tu: alifanya nini baadaye? Jibu ni kwamba Septemba ya mwaka huohuo aliichezea Zambia katika kombe la nchi za kusini mwa Afrika, wakalichukua, naye akawa mfungaji bora. Julai 2023 Zambia iliitembelea Ujerumani kwa mechi ya kirafiki, Wajerumani wakaona ni mazoezi mepesi. Banda alifunga mawili, la mwisho likiwa dakika ya 12 ya nyongeza, Zambia ikashinda 3-2. Mwezi huohuo katika Kombe la Dunia huko New Zealand walifungwa 5-0 na Japani, 5-0 tena na Hispania, kisha wakaishinda Costa Rica 3-1. Mkwaju wa penalti alioutia siku hiyo ulikuwa bao la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Maelfu ya wachezaji wamepita, bao hilo likamngojea yeye.

Machi 2024 klabu ya Orlando Pride ya Marekani ilimnunua kwa dola 740,000. Siku niliyosoma hayo nyumbani kwa sauti, Baba alikuwa akisikiliza redio. Akapunguza sauti.

"Hiyo ni ngapi za Kenya?"

"Karibu milioni mia moja, Baba."

"Milioni mia. Za mpira?"

"Za mpira."

Akanyamaza muda. "Na huyo msichana ameolewa?" Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini. Sikumwambia Baba kwamba pesa hizo hulipwa klabu iliyomwuza, si mchezaji mwenyewe. Kuna ukweli unaoweza kungoja.

Msimu huo wa kwanza alifunga katika kila mechi ya mtoano, na tarehe 23 Novemba 2024 katika fainali huko Kansas City bao lake moja lilitosha kuishinda Washington Spirit 1-0. Ikawa mara ya kwanza Orlando kutwaa ubingwa. Katikati ya msimu alikwenda Olimpiki ya Ufaransa, akaifunga Australia mabao matatu, na bado Zambia ikashindwa 6-5 baada ya kuongoza 5-2. Kwa kweli ulinzi wa Zambia ungenitia wazimu. Siku chache baada ya ile fainali mashabiki walimpigia kura akawa Mwanasoka Bora wa Kike wa BBC. Papo hapo watu wakamshukia kwa matusi mitandaoni, wakirudia maneno yaleyale ya mwaka 2022. Nilisoma machache nikaacha. Niliyajua tayari, niliimbiwa nikiwa na matope magotini.

Nilipoamua kurudi uwanjani, Januari hii, nilikuwa nimezoea kumfikiria kama mtu wa chuma. Si wa chuma. Agosti 2025 aliumia vibaya msuli wa nyonga na msimu wake ukaishia hapo. Habari hiyo ilinipata nikiwa bado nasitasita, na ajabu ni kwamba ilinisukuma. Yeye alikuwa ametolewa na mguu. Mimi mguu wangu ulikuwa mzima, nimekaa tu.

Nilimwendea mwalimu wa michezo baada ya gwaride la jioni. Aliniomba radhi kabla sijafungua mdomo, na akasema mwaka jana hakulala siku tatu. Kisha akaona haya kuniambia kwamba jezi nambari 11 alishampa msichana wa Gredi ya 10. Nilimwona akicheza. Ni mdogo kama panzi na ana mguu wa kushoto wa hatari. Sikuwa na moyo wa kumvua. Nimepewa nambari 17, ambayo kwapani imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Ratiba ya muhula wa pili imebandikwa ubaoni. Tutakutana tena na shule ileile, uwanja uleule. Naongea kwa sauti yangu siku hizi, na siku ya mazoezi nampigia yule panzi kelele hadi wapishi wa shule wanatoka nje kutazama. Baba hajasema ndiyo, ila ameuliza mechi ni saa ngapi. Mama amesema atakuja. Cheti changu cha kuzaliwa amekitia katika bahasha ya kaki, bahasha ameiweka ndani ya mkoba pamoja na chupa ya uji. Nimemwambia hakitahitajika. Amesema kitakaa tu humo mkobani, kwani hakili ugali.