Mteja Hahitaji Jikoni Yako Yote

Wasee, leo nawapa stori ya aibu yangu. Labda itaokoa mtu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, niliambia mathe kompyuta itanilisha. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa dada mmoja anayeuza keki mtaani kwetu. Alitaka tovuti ndogo tu: picha, bei, namba ya WhatsApp. Kurasa tano. Akalipa elfu nane.

Sasa mimi nilitaka watu waone kwamba huyu aliyeacha shule anajua kazi. Nikajaza React, Node na maktaba za kila aina ndani ya kontena moja ya Docker. Imeji ikapita GB 1. Kuituma tu kwa seva nikamaliza bando la mathe la wiki nzima. Na seva yenyewe ilikuwa ile ya bei ya chini, RAM MB 512.

Kosa kubwa ni kwamba niliacha inaendesha seva ya majaribio, ile unatumia ukiwa bado unaunda tovuti, inayokaa ikichungulia kama umebadilisha faili. Hiyo kitu inakula memori kama mgeni wa Krismasi. Usiku wa Februari 13, watu wakisaka keki za Valentine, memori ikaisha, Linux ikaua programu yangu. Asubuhi simu ikalia.

"Wewe kijana, watu wanasema tovuti yangu haifunguki. Si nilikulipa?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia nusu, na hiyo nusu ilikuwa pesa ya nyumba.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajiuliza: hii tovuti inafanya nini hasa? HTML, CSS, picha. Hazibadiliki. Mtu akiomba faili, seva inampa, basi. Kazi hiyo nginx inaijua vizuri. Igor Sysoev wa Urusi aliitoa 2004, akitaka seva moja ihudumie miunganisho elfu kumi kwa wakati mmoja. Wateja wa keki hawawezi kuitoa jasho. Ukiiweka juu ya Alpine, Linux iliyopunguzwa mpaka imeji yake ya msingi ni kama MB 5, unabaki na kontena nyepesi sana.

Dockerfile inakuwa na hatua mbili. Ya kwanza inatumia Node kuunda tovuti. Ya pili inaanza upya na nginx ya Alpine, inachukua zile faili zilizoiva peke yake, inaziweka kwa /usr/share/nginx/html. Node yote inabaki nyuma. Ni kama kupika: unatumia jiko, sufuria na mwiko, lakini mgeni unampelekea sahani.

Imeji mpya haikufika hata MB 100, picha za keki zikiwemo. Seva ile ile ya MB 512 leo inabeba tovuti za wateja wanne, na yule dada ni mmoja wao.

Ukweli, ukihitaji watu waingie na akaunti au walipe hapo hapo, hiyo ni stori ingine. Lakini wengi wetu tunabeba mzigo juu tunaogopa kuonekana hatujui. Mimi nilibeba, na dada wa keki ndiye alipoteza oda.

Imeji yako ya mwisho ilikuwa MB ngapi? Sema ukweli.