Kulala porini Tshivanga

Kutoka Bukavu hadi Tshivanga, kwenye ofisi ya Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ni kilomita kama 30. Hata hivyo, kwa wakaaji wengi wa mji, kulala porini ndani ya hema ni mambo ya wazungu. Ni hasara. Jua likizama, ukungu unashuka juu ya mianzi na baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Tshivanga iko juu ya mita 2,000. Aliyebeba blanketi moja atajuta. Kelele za pikipiki zinasahaulika. Asubuhi mgeni anafuata walinzi kwenda kutafuta gorila, ao anapanda mlima Kahuzi wenyewe, mita 3,308, matope yakimfika kwenye magoti.

Lakini utulivu ule una historia. Parki ilianzishwa mwaka wa 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver akisukuma sana ili gorila wasimalizwe. Alifanya kazi kubwa, hakuna ubishi. Ila ndani ya pori lile mlikuwa na watu. Batwa walilala pale miaka na miaka bila hema la dukani, na Deschryver mwenyewe aliwafikia gorila kwa msaada wa wafuatiliaji wa Kitwa. Katika miaka ile ya 1970 familia zao zilitolewa porini bila fidia, zikabaki pembezoni, kwenye mashamba ya wengine.

Mwaka wa 2018 baadhi yao walirudi ndani. Miti ilikatwa kwa ajili ya makala, na mapambano na walinzi yakaua watu pande zote mbili. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema wazi kwamba serikali ilivunja haki za Batwa, na kwamba warudishiwe ardhi yao.

Kwa hiyo mgeni analipa ili aonje usiku mmoja wa maisha ya porini, na Mutwa akiingia usiku uleule kutafuta dawa ya mtoto, anaweza kukamatwa.

Vita vinapokaribia, wageni hawaji. Siku mahema yatakaporudi, wa kuonyesha pa kulala na njia ya mlima wawe Batwa, wenye mkataba na mshahara wa kila mwezi, si matabishi ya siku moja.