Injini ikihamia ndani ya gari: safari ya mauntingi Msimbazi na Gerezani

Kwa anayetoka Kimara, Ubungo au Magomeni, Barabara ya Morogoro huteremka bondeni Jangwani, ikavuka Mto Msimbazi na kupanda tena hadi Fire. Hapo gari hukata kulia na kuingia Mtaa wa Msimbazi. Katikati ya mtaa ni njia ya mwendokasi iliyoanza kutumika Mei 2016, pembeni ni maghorofa, mikokoteni, akina mama wenye mabeseni na vijana wanaokimbizana na wateja. Jengo la Simba liko mtaa huohuo, ndiyo maana timu inaitwa Wekundu wa Msimbazi, na mtoto shabiki aliyekaa kiti cha nyuma hawezi kupita pale bila kuomba gari lipunguze mwendo.

Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi eneo hilo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wabeba mizigo waliacha jina, na kubeba mizigo hakujakoma mpaka leo. Mkokoteni ukishika njia, hata gari la bei mbaya linasubiri.

Mitaa ya hapa imegawana bidhaa, na mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kibao. Nguo ni Kongo. Simu na vikorokoro vyake ni Aggrey. Ukimaliza Mtaa wa Msimbazi ukashuka upande wa Gerezani, na kuendelea mpaka Shaurimoyo kule Ilala, harufu inabadilika kuwa ya grisi na raba. Huko ndiko gari la familia linakotafutiwa viungo: taa, milango, shokapu, bushi, na zile zinazoitwa mauntingi.

Mauntingi ndizo raba zilizoshikwa na vyuma ambazo injini na gia boksi huzikalia. Gari dogo la kawaida huwa na tatu au nne. Wazazi wengi hawazijui mpaka siku gari linapoanza kutetemeka kwenye foleni, usukani ukicheza mkononi na chupa ya uji wa mtoto ikigongagonga kwenye mlango. Magari mengi ya familia mjini ni mitumba kutoka Japani, yamefika bandarini yakiwa tayari na miaka kumi na zaidi. Raba ya umri huo imeshapikwa na joto la injini, na kama oili inavuja juu yake, inavimba, inalainika na kupasuka.

Mpaka hapo hakuna ubishi: raba imekufa, inunuliwe nyingine. Shida ya Gerezani huanza kwenye neno "nyingine".

Anayempokea mzazi barabarani mara nyingi siyo mwenye duka, ni winga, kijana anayeishi kwa kuunganisha mteja na muuzaji. "Karibu mama, unatafuta nini? Mauntingi ya IST? Twende, bosi wangu anazo." Ndani ya dakika kumi mama huyo ameshaonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni iliyotumika, imekatwa kwenye gari lililovunjwa. Ya pili ni mpya ya boksi, isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari. Ya tatu siyo mauntingi kabisa. Ni fimbo fupi yenye mfano wa shokapu, ncha moja inafungwa kwenye injini na nyingine kwenye bodi. Hiyo ni dampa ya injini, kitu kilichotoka kwenye magari ya mashindano, na anayeiuza huwa na sifa moja tu ya kuitangaza: "Hii mama, injini haitingishiki tena."

Anasema kweli. Injini haitingishiki. Kinachotingishika sasa ni kila kitu kingine.

Familia nyingi hugundua hivyo wakiwa bado Msimbazi, kwenye foleni ya kurudi. Gari limesimama, mguu uko kwenye breki, na sakafu inavuma. Kioo cha katikati kinatikisika mpaka pikipiki ya nyuma inaonekana kama mbili. Dashibodi inalia mahali ambapo haijawahi kulia. Ikiwashwa AC, muungurumo unabadilika sauti na kuzidi. Mtoto mchanga aliyezoea kulala gari likianza kutembea anafumbua macho na kuanza kulia. Fundi akipigiwa simu, jibu huwa tayari: "Itazoea, mama. Raba bado mpya."

Jibu hilo lina ukweli mdogo, na ukweli wenyewe ndio unaowaponza watu. Raba mpya hukaa sawa kidogo baada ya siku chache. Lakini raba iliyotengenezwa ngumu itabaki ngumu, na fimbo iliyofungwa kati ya injini na bodi itaendelea kupitisha mtetemo hata baada ya mwaka.

Hesabu yake si ngumu. Injini ya silinda nne iliyo kwenye mizunguko 750 kwa dakika, gari likiwa limesimama, inalipua mafuta mara 25 kila sekunde. Injini ya silinda tatu, kama ile ya lita moja iliyo kwenye Toyota Passo, inalipua karibu mara 19, na kwa umbo lake haina utulivu wa ile ya nne. Mapigo hayo hayawezi kuzuiwa yasitokee. Kinachowezekana ni kuyamezesha kabla hayajafika kwenye bodi, na kazi hiyo hufanywa na ulaini wa mauntingi. Nyingine zina kimiminika ndani kwa ajili hiyohiyo. Bodi ya gari ni bati jembamba lililowambwa mithili ya ngoma. Ukiligusanisha na injini kwa kitu kigumu, umeshatafuta mpiga ngoma, na abiria wamekaa ndani ya ngoma yenyewe.

Kwa hiyo ile desturi ya dukani ya kubonyeza raba kwa kidole gumba na kusifu iliyo ngumu ina kasoro. Ugumu ni sifa ya bushi ya gari la mashindano, ambalo dereva wake hajali kelele na anataka injini isicheze anapokanyaga mafuta ghafla. Gari linalopeleka watoto shule Tabata halina shida hiyo. Mauntingi nzuri kwa gari la namna hiyo inaruhusu injini icheze kidogo. Mzazi akiona injini inajongea kidogo gia inapoingizwa, asidhani ameuziwa feki.

Je, kelele hiyo ina madhara, au ni usumbufu tu? Haifiki kiwango cha kumziba mtoto masikio, na si haki kuwatisha wazazi hivyo. Madhara yake yanapita mlango wa nyuma. Redio inaongezwa sauti. Baba na mama wanaongea kwa kupaaza, na mtoto anayesikia sauti kali muda wote huanza kuamini kuwa nyumbani kuna ugomvi. Mtoto mkubwa anavaa hedifoni na kuongeza sauti ili ashinde mvumo wa gari, na hapo ndipo penye hatari halisi ya masikio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, walitoa kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa vya namna hiyo, na cha watoto ni cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, wakati mtu mzima ni 80.

Tena kuna dereva. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita 190, na mvumo mzito usiokatika huchosha mwili bila mtu kujua umechoshwa na nini. Huo mvumo pia hufunika sauti ambazo dereva angetakiwa azisikie mapema: breki zilizokwisha, beringi inayolia, king'ora cha gari la wagonjwa.

Kabla ya kumrudia fundi kwa hasira, inafaa kujua kelele inatoka wapi. Gari likiwa limesimama mahali pa wazi, gia ikiwa haijaingizwa na breki ya mkono imevutwa, mafuta yakanyagwe taratibu. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na injini, chanzo ni upande wa injini. Kama unatokea gari likitembea tu na unafuata mwendo wa magurudumu, basi ni matairi au beringi, na dampa inasingiziwa.

Ikishaonekana ni injini, dampa ina faida moja: imeongezwa tu, gari lilikuwa likitembea bila hiyo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi afungue ncha moja, aifunge pembeni isiguse kitu, kisha gari lipite barabara ileile iliyopigiwa kelele. Mvumo ukiisha, kesi imekwisha. Jaribio hilo lisifanywe kwa mauntingi zenyewe. Hizo ndizo zimebeba injini, na kuzilegeza kisha kuendesha ni kutafuta ajali.

Kama hakuna dampa, na mauntingi mpya ndiyo inayovuma, si lazima iwe mbovu. Mara nyingi imekazwa injini ikiwa imepinda kidogo kutokana na jeki iliyoinyanyua, kwa hiyo raba inakaa imejikunja na kubanwa muda wote. Fundi makini hulegeza boti kidogo, akaitikisa injini ikae inapotaka yenyewe, ndipo akakaza. Ni kazi ya dakika chache ambayo gereji yenye foleni ya magari huiruka. Huku akiwa chini, aangalie kama bomba la sailensa au bati la kuzuia joto halijaanza kugusa bodi, kwa sababu injini ikibadilisha mkao hata kwa upana wa kidole, vitu hivyo huhama nayo. Na kama mauntingi moja imebadilishwa na zile nyingine zimelala, hiyo mpya inabeba mzigo wa wenzake na itavuma tu.

Pale dukani, mzazi anayekwenda na namba ya chesisi au ile ya zamani mkononi hupata kitu sahihi haraka kuliko anayetaja jina la gari peke yake, kwa kuwa IST mbili zinaweza kuwa na injini tofauti. Ya mtumba ikaguliwe kama ina nyufa au imelowa. Yenye kimiminika ikionyesha dalili ya kuvuja, imeshakufa. Risiti ya EFD idaiwe, na makubaliano ya kurudisha yasemwe mbele ya mwenye duka, maana winga akishapata chake hupotea kwenye umati wa Msimbazi.

Watoto wasisogee karibu na boneti iliyo wazi. Kama kuna anayeangalia injini inavyocheza gia inapoingizwa, asimame ubavuni mwa gari, kamwe si mbele yake. Gerezani magari hutengenezwa ukingoni mwa barabara, na nafasi ya mtoto ni ndani ya duka au kwa muuza juisi ya miwa na mtu mzima.

Dampa iliyofunguliwa haitupwi. Winga yuleyule ataipokea na kuitafutia mteja kabla ya saa tisa alasiri, kijana mwenye gari lililoshushwa chini, sailensa imetobolewa makusudi, ambaye mvumo huo kwake ndio muziki alioufuata.