Vifaa vya baba: Nyundo yapata mwenyewe, karai lakosa

Ukitoka Mwanza kwenda Geita siku hizi husubiri kivuko tena. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, kisha huipita Sengerema na kuingia katika nchi ya vilima na udongo mwekundu. Mbele yake ndipo ulipo mji wa Geita, na ndani ya mji huo kuna kata ya Kalangalala.

Mgeni hahitaji kuambiwa kwamba amefika kwenye dhahabu. Maduka ya vifaa yanamwambia. Buti za mpira, tochi za kichwani, kamba nene, sululu na makarai hutundikwa mlangoni kama nguo za mtumba. Bodaboda hupita zimebeba viroba, na kwenye vibanda vya chai mazungumzo ni duara lipi limetoa na lipi limekauka.

Katika nyumba moja ya kata hiyo, nyuma ya jiko, kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Baba mwenye nyumba alifariki baada ya kukohoa kwa miaka miwili. Hakuna aliyeligusa mpaka arobaini ilipopita na ndugu wa Kwimba wakaanza kufungasha. Hapo ndipo mama mjane alipotoa ufunguo kwenye fundo la kanga.

Sanduku lilikuwa na moko mbili, nyundo ya ratili 4 yenye mpini uliolainika kwa kushikwa, msumeno, shoka na randa alizotumia kuandaa matimba ya kuzuia shimo lisiporomoke. Kulikuwa pia na mzani mdogo wa mkono na karai jeusi la chuma. Chini kabisa ilikuwepo chupa ya plastiki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Chupa hiyo ilikuwa ndogo kama ya dawa ya kikohozi, lakini nzito kuliko nyundo ya jikoni.

Kila mmoja aliyekuwepo alikuwa na neno lake. Baba mdogo aliutaka mzani. Mama alitaka vyuma vyote viuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu wiki ileile, ila karai libaki. Alisema karai hilo ndilo lililosomesha watoto, na sasa litafulia nguo. Kitinda mimba, aliyemaliza kidato cha nne, aliomba moko na nyundo. Hakusema za kazi gani. Hakukuwa na haja ya kusema.

“Baba yako hakukuachia shimo, amekuachia shule,” mama alimwambia.

“Mama, shule imeisha,” kijana akajibu.

Mji uliojengwa kwa vifaa

Mabishano kama hayo si mageni katika nchi hii. Kabla ya dhahabu kutafutwa, upande huu wa Ziwa Victoria ulijulikana kwa chuma. Warongo, wafua chuma wa Uzinza, waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa na mivukuto na kufua majembe yaliyofika mpaka kwa majirani zao Wasukuma. Ufundi ulikuwa na miiko yake, na haukuwa mali ya kila mpita njia.

Kisha dhahabu ikaja na zana zake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Baada ya kufungwa, watu wa kawaida waliendelea kuchimba kwa mikono, na maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa yakavuta vijana kutoka Usukuma nzima na kwingineko. Mgodi mkubwa wa sasa, GGM, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012, na Machi 2019 mji huo ukafunguliwa soko la dhahabu, ili mchimbaji auze mahali penye mzani wa serikali badala ya kuuza gizani.

Marehemu alivuka kwa kivuko akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na begi moja. Nyundo aliinunua kwa malipo ya mfuko wake wa kwanza wa mawe. Watoto wake waliisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba waliweza kuimalizia yeye akinyamaza.

Pete iliyogeuka nyeupe

Aliyesimamisha mgawo ni binti wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi huko Katoro. Ndiye aliyetoa vitu kwenye sanduku kimoja kimoja na kuvifuta. Jioni, akinawa mikono, aliona pete yake ya ndoa imebadilika upande mmoja. Dhahabu ilikuwa nyeupe kama bati. Alisugua kwa sabuni, haikutoka.

Mzee mmoja aliyefanya kazi na marehemu kwenye duara moja alipoiona hakushangaa. Alisema ni zebaki, ambayo wachimbaji wengi huiita mekyuri. Imevuja kutoka kwenye chupa na kukaa kwenye mikunjo ya karai.

Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Lita moja ina uzito wa kilo 13.6, ndiyo maana chupa ndogo ilielemea mkono. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa. Zebaki hukamata chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge likichomwa, zebaki hupanda kama mvuke na dhahabu hubaki. Kilichotokea kwenye pete ya binti ni hichohicho: zebaki iliiona dhahabu ikaishika.

Hatari yake ni kwamba haina harufu wala haitoi moshi wa kuonya. Tone lililojificha kwenye ufa wa sakafu huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo hata bila moto. Mvuke huo ukivutwa huingia mapafuni, hupita kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mtu mzima aliyeuvuta kwa muda mrefu anaweza kuanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau na kuwa na hasira za ghafla, na majirani wakadhani ni pombe. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Ikisombwa hadi kwenye mito na ziwa, zebaki hugeuka kuwa aina nyingine inayojikusanya kwenye samaki. Wakazi wa Minamata, Japani, waliugua kwa samaki wa namna hiyo, na ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi 1956. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki unabeba jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Karai lililotumika kuchanganyia au kuchomea donge, kwa hiyo, si chombo cha kufulia nguo za mtoto, kunawia wala kulishia kuku. Kulisugua kwa mchanga hakulisafishi. Kulichoma ndiyo vibaya zaidi, kwa kuwa kunaitoa zebaki yote hewani kwa mara moja. Kuliuza kama chuma chakavu ni kuihamishia hatari hiyohiyo kwa fundi wa tanuri asiyejua chochote.

Afisa afya aliyefuatwa na familia hiyo aliwapa maelekezo mafupi. Watoto watoke, madirisha yafunguliwe. Anayesafisha avue pete na hereni, avae glavu. Matone yasifagiliwe kwa ufagio, kwa kuwa hupasuka yakawa madogo zaidi na kusambaa. Yasukumwe taratibu kwa karatasi ngumu mpaka yakusanyike, yatiwe kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo juu yake, kisha ifungwe kabisa. Karai na matambara yaliyotumika yafungwe kwenye mfuko mzito na kukaa nje ya nyumba ya kulala, kwenye stoo yenye kufuli. Chupa isimwagwe chooni wala kufukiwa, na isipakiwe kwenye basi. Kemikali kama hiyo iko chini ya sheria ya kemikali ya 2003 inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Huko ndiko pa kuuliza namna ya kuikabidhi.

Aliongeza jambo moja: wangekuta fataki au baruti ndani ya sanduku, wasingetakiwa kugusa chochote, bali kufunga mlango na kutoa taarifa polisi au kwa Afisa Madini Mkazi.

Vumbi la moko

Moko na nyundo hazikuwa na zebaki. Zilikuwa na historia nyingine. Kila pigo la moko kwenye mwamba mkavu hutoa vumbi laini la silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu yanayokaza mapafu mwaka hadi mwaka. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa. Zaidi ya hapo, mapafu yenye vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mazima. Marehemu alitibiwa kifua kikuu akapona, lakini kikohozi kikarudi, na safari ya pili picha ya kifua ilionyesha makovu.

Kifua kikuu kinapimwa na kutibiwa bure katika vituo vya serikali, na waliolala nyumba moja na mgonjwa wanatakiwa kuchunguzwa hata kama hawakohoi. Mama alikuwa amekwisha kupima. Kitinda mimba alikuwa akiahirisha.

Nani apewe nini

Kisheria vifaa hivyo vyote ni mali ya mirathi, hata moko iliyochakaa. Kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi, na mahakama ya mwanzo humteua. Msimamizi ana miezi 4 kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Anayegawa au kuuza kabla ya hapo anajitafutia kesi na ndugu zake. Familia hii ilimpendekeza binti wa kwanza, na jambo la kwanza alilofanya ni kuandika kila kitu kwenye daftari la shule: jina la kifaa, hali yake, na nani anakiomba.

Lakini daftari halijibu swali la moyo: kifaa alichokipenda baba kiende wapi ili kisionekane kimetupwa? Wengine duniani wamelipatia njia. Uingereza, shirika la Tools for Self Reliance lilikusanya zana za mikono zilizokwisha kutumika, zikakarabatiwa na wanaojitolea na kutumwa kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Karibu zaidi na Kalangalala, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, yanahifadhi zana za mfua chuma pamoja na ngoma na viti vya watemi. Chombo cha kazi kimepewa heshima sawa na kiti cha enzi.

Kwa familia hii mgawo ulikwenda taratibu. Mzani alipewa baba mdogo, baada ya kukaguliwa na kuonekana hauna matone. Nyundo ilikwenda kwa yule mzee wa duara moja, ambaye naye ameacha kushuka chini na sasa hutengeneza mipini na vitasa vya milango karibu na stendi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga mara moja kwenye jiwe la mlangoni, akasema sauti ni ileile. Mama aligeuka akaingia ndani.

Msumeno, shoka na randa alipewa kitinda mimba. Fundi seremala wa mtaa wa pili amekubali akae naye, bila malipo kwanza. Moko moja mama aliiweka juu ya kabati. Kuhusu ya pili alitoa sharti mbele ya ukoo mzima: kijana ataigusa akisharudi na majibu ya kifua.

Alikwenda wiki iliyofuata. Majibu yalikuwa safi. Alirudi na karatasi, akaiweka mezani mbele ya mama yake, na hakuiomba moko siku hiyo. Hajasema pia kwamba haitaki. Nyarugusu haiko mbali, na kila Jumatatu alfajiri magari ya kwenda huko hupita yakiita abiria.

Karai ndilo lililokosa mwenyewe. Liko kwenye stoo ya nje pamoja na chupa, ndani ya mifuko miwili, likisubiri kukabidhiwa. Mama akipita na ndoo ya maji huliangalia kupitia upenyo wa mlango. Ameshanunua beseni jipya la plastiki kwa ajili ya nguo za wajukuu, na ufunguo wa stoo ameurudisha kwenye fundo la kanga.