Injini Ngeni Katika Gari Kongwe

Kazi ya kukereza chuma nilijifunzia Mang'ula, katika kiwanda cha mitambo kilichotokana na karakana za Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na maadamu mwalimu wangu wa kwanza hakuridhia kamwe kipimo cha kukadiria kwa jicho, nilitoka pale na tabia iliyoniandama aushi yangu yote: siwezi kufunga chuma kwa chuma kabla ya kujua kwa yakini kwamba vimekaa katika mstari mmoja. Nilipohamia Ifakara na kufungua gereji uani kwangu, nilitengeneza matrekta ya wakulima wa mpunga, mashine za kukobolea, na magari ya kila namna yaliyongoja kivuko cha mto Kilombero yapate kwenda Lupiro, Malinyi na Mahenge. Lakini amali ninayoienzi kuliko zote ni ile niliyoifanya kwa gari langu mwenyewe.

Lilikuwa Land Rover la Series III, chesisi ndefu ya inchi 109, nililolinunua mnadani likiwa na bodi na fremu nzima, ilhali injini yake ya petroli, ya sentimita za ujazo 2286, imekwisha kwa utumishi mrefu. Mkazi wa bonde hili hahitaji kuelezwa thamani ya gari la namna hiyo, maana masika maji ya Kilombero yatandapo mbugani na barabara ikageuka tope jeusi, aghalabu huwa ndilo linalofika.

Marafiki wengi, kwa nia njema, walinihimiza nitie injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na lita 4.2. Sikukubali, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Giaboksi na ekseli za gari lile zilitengenezwa kwa injini ya nguvu za farasi wasiofika themanini. Atakayezitwisha karibu maradufu ya hizo atakuwa ameuhamisha udhaifu kutoka mbele kwenda nyuma, na ekseli itakatika siku gari limezama njia ya Itete, mahali ambapo hapana fundi wala kijiji. Nikachagua 3L, dizeli ya Toyota ya sentimita za ujazo 2779, yenye nguvu za farasi tisini hivi, injini ile ile iliyozoeleka katika Hilux na Hiace nchini kote, ambayo nozeli na vichujio vyake hupatikana dukani Ifakara bila kuagiza. Niliipata Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa treni mpaka stesheni yetu.

Ugumu wa kazi yote ulikuwa mahali pamoja, pale injini ya Toyota inapokutana na giaboksi ya Land Rover, kwa kuwa matundu ya boliti hayalingani na shafti ya giaboksi haina pa kuegemea. Kwa hiyo nilikereza sahani nene ya chuma yenye matundu ya pande zote mbili, kisha bushi ya shaba ya kuingia katika ncha ya kranki, ipokee shafti ile. Sahani ya klachi niliiacha ya Land Rover, kwani meno yake ndiyo yanayoshikana na shafti ya giaboksi. Mpwa wangu, aliyekuwa akinisaidia, alipoona vitu vimeingiana alishika spana.

"Mjomba, si imeshaingia? Tukaze tu."

"Kuingia si kukaa, mwanangu. Niletee saa ya kupimia."

Tukaifunga saa ile kwenye flaiwili, tukazungusha kranki kwa mkono, sindano ikaonyesha sahani imehama zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Tukaifungua, tukaisogeza, tukapima tena, jua likatuzamia, mpaka sindano ikatulia. Ndipo tukatoboa matundu ya pini za kuishikilia isihame milele. Fundi aliye na haraka huona mambo haya ni ukaidi wa wazee, ilhali kosa la unene wa unywele hapo hula bushi, kisha beringi, kisha shafti yenyewe.

Mengine yalikuwa mepesi. Bakuli la oili liligusa difu ya mbele springi zinapobonyea, tukalikata na kulichomelea upya. Mkanda wa taimingi tuliubadili injini ikiwa bado nje. Na altaneta ya Toyota, yenye pampu ya kuvuta hewa nyuma yake, ilitufaa kwa busta ya breki. Giaboksi haikusogea ilipokuwa, hivyo shafti za mbele na nyuma hazikuguswa. Namba mpya ya injini ikaandikwa kwenye kadi ya gari baada ya ukaguzi wa polisi, jambo ambalo wengi hulipuuza kisha wakataabika wauzapo.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa kupanda mlima wa Mahenge na shehena ya mchele, na gari lilipanda kwa gia ya pili bila rejeta kuchemka. Daraja la mita 384 lilipofunguliwa 2018, kungoja kivuko kukaisha, na sasa mpwa wangu ndiye anayelitumia gari lile kuchukua mpunga Malinyi. Yeye pia ndiye anayekereza sahani za wateja, wengine hutoka Mlimba, na sharti nililompa ni moja: chesisi isikatwe.