Kwa Odhiambo, Kuhusu Ile Geji

Mpwa wangu Odhiambo,

Salamu kutoka Homa Bay. Sote hatujambo. Nyanya yako amepata nafuu ya mguu, sasa anajiendea sokoni kuchagua omena mwenyewe. Mama yako amenipigia simu, anasema kuna mwenye Probox hapo Migori anataka umfungie geji ya presha ya petroli, tena ikae ndani, mbele ya dereva. Nimefurahi kwamba watu wameanza kukuamini. Lakini kabla hujashika spana, nisikilize.

Geji naipenda. Niliwahi kuletewa Probox iliyokuwa ikienda vizuri ikiwa tupu, lakini ikijaa watu na kuanza kupanda kutoka huku ziwani kwenda Rongo, inakohoa na kuishiwa nguvu. Gereji moja ilikuwa imeshambadilishia mwenyewe plagi, koili na injekta, na pesa amelipa. Nikafunga geji. Injini ikinguruma pale pale, ilisoma PSI 45, na injini ile hutakiwa kuwa kati ya 44 na 50. Nikaifunga kwa nje, juu ya kioo cha mbele, tukapakia magunia tukaelekea mlimani. Sindano ikashuka chini ya 30. Tulipoinua kiti cha nyuma na kutoa pampu kwenye tangi, chujio lake lilikuwa limejaa tope. Kwa hiyo pima gari likiwa na mzigo, mwanangu, na usiuze kipuri ambacho hujakipima.

Sasa kazi yenyewe. Ukizima injini, petroli hubaki imebanwa kwenye bomba. Acha injini ipoe. Chomoa fyuzi ya pampu, washa, iache hadi ijizime yenyewe, kisha piga stata kidogo tena. Ondoa waya wa hasi wa betri. Hata hapo, funika kiungo kwa kitambaa unapokifungua, na uvae miwani. Reli ya injini hiyo haina tundu la kupimia, kwa hiyo utaweka kiungo cha T kwenye hosi inayotoka tangini. Hosi iwe ya injekta. Ile ya kabureta imezoea PSI chache tu, hapa inaweza kupasuka. Ukiwasha, zimamoto liwe karibu nawe, umulike kila kiungo kwa tochi. Ukizima, ngoja dakika 5: sindano isiwe chini ya 21. Ikianguka haraka, kuna injekta inayovuja au vali ya pampu haishiki.

La kuweka ndani ndilo lililonifanya niandike. Geji ya kawaida huletewa petroli yenyewe hadi kwenye uso wake. Hosi hiyo usiipitishe kamwe walipoketi watu. Probox za huku unazijua, abiria hukaa mpaka kwenye buti; kiungo kikilegea, nani atatoka? Mnamo Januari 31, 2009, kule Sachangwan, petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori ilishika moto ikaua watu zaidi ya mia moja. Moto wa petroli haumpi mtu nafasi ya kufungua mlango. Akitaka kusoma presha barabarani, anunue geji ya umeme: sensa hubaki kwenye injini, waya peke yake ndio unaoingia ndani. Atasema ni ghali. Mwambie basi hufungi.

Na akija mwenye Hiace ya dizeli ya kisasa, geji hii usiifunge kwenye reli yake. Presha ya mle hupita baa 1,000. Uzi mwembamba wa dizeli hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mtu hukatwa mkono kwa sababu hiyo.

Nitakutumia geji yangu na kiungo cha T kwa matatu ya Jumamosi asubuhi. Klempu nunua mpya, usirudishe za zamani. Mteja akikushinda maneno, nipigie akiwa hapo hapo, nizungumze naye mimi.

Ni mimi mjomba wako