Seva Ilikufa, Maneno ya Mama Zetu Yamerudi

Ndugu wengi mnatuuliza: ile programu ya maneno ya hospitali imerudi? Ndiyo, imerudi. Tunawaeleza ilivyorudi, maana tunajua vikundi vingine vinavyoweka kazi yao yote mahali pamoja.

Kwa wasiotujua: sisi ni vijana wa Kongo na Burundi tunaoishi Nakivale, hapa Uganda. Programu yetu inasaidia mgonjwa na daktari kuelewana kwa Kiswahili, Kirundi na Kibembe. Msimbo wake ni wa wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Ulikaa kwenye seva tuliyopewa na shirika moja. Diski ikafa. Tukaambiwa eti hakuna nakala, na seva nyingine haimo kwenye bajeti.

Mtu atasema: si programu bado iko kwenye simu zetu? Iko. Kilichopotea ni historia. Chukua neno "inda" la Kirundi: ni tumbo, na pia ni mimba. Mkunga mmoja alitufundisha swali la kumuuliza mama ili ijulikane anasema lipi, nasi tukaandika sababu kando ya badiliko. Kwenye simu unaliona swali tu. Kesho kijana mwingine angelifuta, akidhani halina kazi.

Kilichotuokoa ni Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kwa kawaida ukichukua mradi kwa Git, unapata faili za leo pamoja na historia yake yote. Basi tukaanza kupigiana simu. Laptopu ya kwanza ilishaibiwa. Ya pili ilikuwa na nakala fupi, mwenzetu aliacha historia ya nyuma ili aokoe bando. Ya tatu iko kwa dada yetu aliyehamia Kampala: historia yote, ila wiki tatu za mwisho hazimo. Wiki hizo zilikuwemo kwenye ile nakala fupi! Tukaziunganisha.

Kila badiliko lina alama yake, inayotokana na yaliyomo ndani yake na yaliyotangulia. Kitu kikiguswa, alama inabadilika. Tulikagua kwa amri ya git fsck, tukalinganisha alama, kisha tukapandisha matawi na lebo zote kwenye seva mpya. Mijadala tuliyoiandika kwenye tovuti ya seva ya zamani haikurudi, kwa sababu haikuwa ndani ya Git.

Nakala nyingi peke yake hazitoshi. Mwaka 2013 mradi wa KDE nusura upoteze hazina za msimbo zaidi ya 1500: seva kuu iliharibika, na seva za nakala zikafuata uharibifu ule ule. Kwa hiyo sasa kila mwisho wa mwezi tunaweka nakala kamili kwenye flashi isiyounganishwa na kitu chochote, na inakaa kwa mtu wa kijiji kingine.

Wafanyakazi wa mashirika, mkiwapa vijana seva, ulizeni siku hiyo hiyo: mradi ukiisha, nakala itabaki kwa nani? Nanyi wenzetu mliowahi kuchukua msimbo wetu, hata wa zamani, tafadhali msiufute. Tuandikieni mko wapi.